Udhibiti wa kodi ya pango, na kwa nini hubadilika ukivuka mpaka wa mji

Udhibiti wa kodi ya pango ni sheria inayomwekea mwenye nyumba kikomo cha nyongeza anayoweza kumtoza mpangaji ambaye tayari anaishi ndani. Wengi wakisikia neno hilo hudhani ni bei elekezi, kwamba nyumba ya vyumba viwili isizidi kiasi fulani. Mara nyingi sivyo. Bei ya kuanzia huachiwa soko. Kinachobanwa ni kile kinachofuata baada ya mpangaji kuhamia.

Sheria hii ikitungwa na mji badala ya taifa, majirani wawili hujikuta chini ya masharti tofauti. Tazama California, Marekani. Oakland na Berkeley zimeshikana, zipo barabara zinazoanzia mji mmoja na kuishia mwingine, na San Francisco iko ng'ambo ya daraja. Miji yote mitatu inadhibiti kodi, ila kila mmoja kwa namna yake.

Kwanza huangaliwa umri wa jengo. San Francisco inahusika na majengo yaliyoruhusiwa kukaliwa kufikia 13 Juni 1979. Berkeley ilikata mwisho wa Juni 1980, Oakland ikaenda hadi mwisho wa 1982. Kwa hiyo ghorofa iliyokamilika mwaka 1981 inalindwa na kikomo cha mji ikiwa Oakland, lakini ikiwa Berkeley, hata kama ni dakika chache kwa miguu, hailindwi. Miji haiwezi kuzisogeza tarehe hizo mbele, kwa sababu sheria ya jimbo ya mwaka 1995, iitwayo Costa-Hawkins, ilizigandisha. Sheria hiyohiyo iliziondoa kwenye vikomo vya bei vya miji nyumba nyingi zinazosimama peke yake.

Halafu kuna hesabu yenyewe. San Francisco huruhusu nyongeza ya asilimia 60 ya mfumuko wa bei, isizidi 7 kwa mwaka. Oakland nayo hutumia asilimia 60, lakini dari yake ni 3. Berkeley hutumia asilimia 65, na wapigakura wake mwaka 2024 waliishusha dari kutoka 7 hadi 5. Mfumuko ukiwa mdogo huoni tofauti ya maana. Sasa fikiria umefika asilimia 10, na wapangaji watatu kila mmoja analipa dola 2,000 kwa mwezi. Wa San Francisco anaweza kuongezewa dola 120, wa Berkeley dola 100, wa Oakland dola 60. Dari ndiyo inayomwokoa mtu katika mwaka mbaya, ndiyo maana mimi huitazama kabla ya kitu kingine chochote.

Na yule wa ghorofa ya 1981 iliyoko Berkeley? Hajaachwa mikono mitupu. Tangu Januari 2020 jimbo zima lina kikomo chake kwa majengo mengi yaliyozidi miaka 15: asilimia 5 pamoja na mfumuko, jumla isipite 10. Katika mwaka huo wetu wa kufikirika, huyo angeongezewa hadi dola 200.

Linalosahaulika zaidi ni hili: mpangaji akihama, nini hutokea? Zamani Berkeley iliishikilia kodi hata baada ya nyumba kubaki wazi, hivyo aliyeingia alilipa karibu sawa na aliyetoka. Costa-Hawkins ilikomesha hilo. Sasa mpangaji akiondoka kwa hiari, mwenye nyumba hupanga bei upya anavyotaka, kisha kikomo huanza tena kwa anayeingia. Ndiyo sababu katika jengo moja, sakafu moja, aliyekaa miaka 20 hulipa kidogo sana kuliko jirani wa mlango wa pili aliyehamia juzi, na ndiyo sababu wengine hung'ang'ania nyumba iliyokwisha kuwabana, kwani kuhama ni kuipoteza bei yao.

Hapo pia pana kishawishi kikubwa cha kumtoa mpangaji wa siku nyingi. Kwa hiyo miji yote mitatu imeambatanisha kanuni ya sababu halali: mpangaji haondolewi ila kwa mambo yaliyotajwa kwenye sheria, kama vile kutolipa kodi, au mwenye nyumba kutaka kuhamia mwenyewe. Kanuni hiyo isipokuwepo, kikomo cha nyongeza hukwepwa kwa barua moja tu ya kumtaka mtu ahame.