Mteremko wa mistari sambamba na mistari ya pembe mraba: kwa nini tunapindua na kugeuza ishara

Ukipanda boda hapa Kisumu kutoka Mamboleo kuelekea Riat, injini hubadilisha sauti kabla hujakitilia maanani kilima. Barabara inapanda. Hesabu hapo inauliza jambo moja tu: kwa kila hatua unayokwenda mbele, umepanda hatua ngapi? Jibu lake ndilo mteremko, ambao darasani wengi wanauita gradienti. Neno lenyewe lina udanganyifu kidogo, maana katika Kiswahili cha kila siku mteremko ni kushuka. Kwenye hesabu hata kupanda ni mteremko, ila ni chanya. Kushuka ni hasi. Na pale palipo tambarare kama mashamba ya mpunga ya Ahero, mteremko ni sifuri.

Kuupata si kazi. Chukua nukta mbili zilizo kwenye mstari, tafuta tofauti ya y, ugawanye kwa tofauti ya x. Kutoka (2, 3) hadi (8, 7), y imepanda 4 na x imesogea 6, kwa hiyo mteremko ni 4/6, yaani 2/3. Angalia tu kwamba nukta uliyoanza nayo juu ndiyo unayoanza nayo chini. Anayechanganya hapo hupata namba sahihi yenye ishara ya uongo.

Mistari sambamba haina mambo mengi. Nenda stesheni ya zamani ya Kisumu, pale reli ilipofika mwaka 1901 wakati mahali hapo pakiitwa Port Florence, utazame kipande cha njia kilichonyooka. Vyuma viwili vimeachana mita moja, na mita hiyo ni ileile mwanzo hadi mwisho. Chuma kimoja kikikengeuka hata kidogo, pengo litapanuka au litafinyika, na gari moshi halitafika mbali. Basi mistari sambamba ina mteremko mmoja ila imepita mahali tofauti, kama y = 2x + 3 na y = 2x − 5. Hayo maneno "mahali tofauti" usiyaruke. Milinganyo y = 2x + 3 na 4x − 2y = −6 ina mteremko mmoja, lakini ukiipanga vizuri utakuta ni mstari mmoja uliovaa nguo mbili.

Watungaji wa mitihani wanaupenda mtego huo. Katika SAT, ule mtihani wa wanaoomba vyuo vya Marekani, swali huja hivi: milinganyo 3x + ky = 10 na 6x + 8y = 15 haina suluhisho lolote, k ni ngapi? Neno "sambamba" halikutajwa, lakini mistari isiyokutana popote ni ipi kama si sambamba? Mlinganyo wa pili una 6 mahali ambapo wa kwanza una 3, kwa hiyo 8 nayo ni mara mbili ya k, na k ni 4. Kisha hakikisha kwamba 15 si mara mbili ya 10. Ingekuwa mara mbili, mngekuwa na mstari mmoja na suluhisho zisizo na idadi.

Sasa rudi relini utazame mataruma, yale magogo yanayolala chini ya vyuma. Kila taruma linakata reli kwa pembe mraba, nyuzi 90. Kuhusu mistari ya namna hiyo, kila mwanafunzi ameambiwa: pindua sehemu, geuza ishara. Mimi pia niliambiwa hivyo, nikakariri, nikapita mtihani, nikaja kufundisha miaka kadhaa bila kujiuliza. Aliyenibana ni binti wa jirani hapa Manyatta, kidato cha pili, aliyekuwa akifanya kazi yake barazani kwetu. "Mwalimu, kupindua nimeelewa. Lakini kwa nini tunapindua?"

Nilimpa karatasi ya grafu. Anza kwenye (0, 0), nenda kulia 3, panda 2, chora mstari. Mteremko wake ni 2/3. Sasa shika karatasi uizungushe robo mzunguko kuelekea kushoto. Zile hatua 3 zilizokuwa zinakwenda kulia sasa zinapanda juu. Zile 2 zilizokuwa zinapanda sasa zinakwenda kushoto. Mstari uliogeuka nyuzi 90 unapanda 3 huku ukirudi kushoto 2, na mteremko wake ni 3 gawanya kwa −2, yaani −3/2. Aliitazama karatasi, akairudisha ilivyokuwa, akaizungusha tena. Kupindua kunatokana na mbele kuwa juu na juu kuwa pembeni. Ishara inatokana na kule kurudi kushoto. Ukizidisha 2/3 kwa −3/2 unapata −1, na hiyo ndiyo kanuni iliyo vitabuni: zao la miteremko ya mistari inayokatana kwa pembe mraba ni −1.

Anayepindua akasahau ishara anabaki na 2/3 na 3/2, mistari miwili ambayo yote inapanda kulia. Haiwezi kuwa na pembe mraba kati yake.

Kanuni hiyo ina mahali inapogoma. Ikweta inapita Maseno, na kwenye ramani ni mstari uliolala, mteremko sifuri. Mistari ya longitudo inaukata kwa nyuzi 90, lakini x yake haisogei kabisa, na kugawanya kwa sifuri hakuna. Mstari uliosimama wima hauna mteremko, kwa hiyo usitafute −1 hapo. Mmoja umelala, mwingine umesimama, basi.

Kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, alama nyingi ninazoona zikipotea hazipotelei kwenye kanuni. Zinapotelea kwenye kusoma mlinganyo. Mtu anaona 3x + 4y = 24 anaandika mteremko ni 3. Iache y peke yake kwanza: 4y = −3x + 24, halafu y = −3/4x + 6. Mteremko ni −3/4, na mstari wa pembe mraba nao una 4/3.

Swali jingine linalorudi sana ni la mstari unaokata AB katikati kwa pembe mraba. Tumia nukta zetu za mwanzo, A(2, 3) na B(8, 7). Katikati yake ni (5, 5), unajumlisha na kugawanya kwa mbili. Mteremko wa AB ni 2/3, kwa hiyo wa mstari unaotakiwa ni −3/2. Basi y − 5 = −3/2(x − 5). Zidisha pande zote kwa 2 ili sehemu iondoke: 2y − 10 = −3x + 15, yaani 3x + 2y = 25. Weka 5 na 5 uone: 15 na 10 ni 25. Kupima hivyo kunachukua sekunde chache, na sijui kwa nini wanafunzi wanakuonea uvivu.

Yule binti alirudi kesho yake na malalamiko. Alikuwa amechora mstari wa AB na huu wa pili, akaweka kipima pembe, akapata nyuzi 55. Hesabu yake ilikuwa sawa kila mstari. Nilitazama mihimili. Kwenye x, sentimita moja ilikuwa 1. Kwenye y, ili grafu itoshe kwenye ukurasa, sentimita moja ilikuwa 2. Grafu iliyobanwa upande mmoja huipinda pembe, na kikokotoo cha grafu kwenye skrini hufanya vivyo hivyo mihimili isipolingana. Aligeuza ukurasa, akachora upya kwa kipimo kimoja pande zote mbili, akaweka kipima pembe, akanisogezea daftari bila kusema kitu. Nyuzi 90.