Siku Mbili Mji Mkongwe na Marafiki: Dhana Potofu Kuhusu Begi la Safari

Kundi la marafiki likipanga kwenda Unguja wikiendi, mwanzo huwa mzuri. Tarehe inapatikana, michango inaingia, tiketi za boti zinakatwa. Mambo huanza kuharibika usiku wa kuamkia safari, kila mmoja akiwa chumbani kwake anajaza begi. Nimekwenda Mji Mkongwe na marafiki mara kadhaa, na karibu kila kilichotuudhi huko tulikibeba wenyewe kutoka Dar. Mji ule huonwa kwa miguu, asubuhi hadi usiku, kwa hiyo ukifunga begi, yafikirie mabega na nyayo zako kwanza. Picha zitapigwa tu.

Dhana: Sanduku la magurudumu halichoshi, unalivuta tu

Linavutika kwenye vigae vya uwanja wa ndege. Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ulijengwa kwa ajili ya waendao kwa miguu. Vichochoro vingi gari haliingii, na vingine ni vyembamba hata mkikutana wawili inabidi mmoja ajibane ukutani. Teksi inakushusha pembeni mwa mji. Kutoka hapo ni wewe na mzigo wako.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Aprili, katikati ya masika. Tulishuka boti pale Malindi mvua imetoka kunyesha, na rafiki yangu ana sanduku kubwa jekundu, jipya. Tulipokaribia Mkunazini gurudumu likakwama kwenye ufa kati ya mawe mawili. Akalivuta kwa nguvu. Likang'oka, likabingirika polepole hadi kwenye dimbwi la maji machafu na kuzama. Mzee mmoja alikuwa ameketi mlangoni kwake anatutazama. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Wanangu, pandeni juu ya baraza mpite nalo huko." Kumbe zile baraza za mawe zilizoambatana na kuta si za kupigia soga tu, kichochoro kikijaa maji, watu hupita juu yake. Tulikwenda hivyo mpaka nyumba ya wageni, wawili tukilishika sanduku huku na huku, tunasimama kila hatua ishirini.

Siku mbili zinataka begi la mgongoni la lita 25 hadi 30. Ndani yake nguo za kubadili mara mbili, ya kulalia, chupi, taulo jepesi au kanga, na mfuko mdogo wa vifaa vya kuogea. Begi hilo unapanda nalo ngazi za mbao za nyumba za zamani, ambazo ni wima na nyembamba, huku mikono yako yote miwili ikiwa huru.

Dhana: Kila mtu abebe vyake, tusisumbuane

Hii ndiyo inayojaza mabegi kuliko zote. Usiku ule ule wa sanduku jekundu tulimwaga vitu kitandani, tukakuta watu watano tuna dawa za meno tano, pasi tatu, mafuta ya kupaka chupa kubwa sita, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka plasta ya kidonda. Mwenzetu mmoja alikuwa amechubuka kisigino toka bandarini.

Siku hizi tunagawana kabla ya kufunga. Mmoja anabeba dawa ya meno na sabuni za wote, mwingine ekstensheni ya umeme yenye matundu manne, mwingine kifuko cha huduma ya kwanza: plasta, dawa ya maumivu, chumvi ya kuongeza maji mwilini. Doti moja ya kanga inatosha watu wawili, kipande kimoja kila mtu. Na kanga inafanya kazi nyingi: ni taulo, ni shuka la kujifunika kwenye boti yenye kiyoyozi kikali, ni mtandio, ni kivuli.

Vingine lakini havigawanywi. Dawa zako za kila siku, kitambulisho chako na fedha zako za akiba viwe mwilini mwako au kwenye begi usiloliachia mtu. Kundi likitengana vichochoroni, na litatengana, usikute kitambulisho chako kiko kwenye begi la aliyepotea.

Dhana: Zanzibar ni ufukwe, kaptura fupi na singlendi zinatosha

Ufukweni vaa uvaavyo. Mji Mkongwe ni mahali watu wanapoishi. Kuna misikiti, madrasa, bibi anayechoma maandazi mlangoni, watoto wanaotoka chuoni. Wakazi walio wengi ni Waislamu, na heshima ya pale ni kufunika mabega hadi magoti, wanawake na wanaume. Hakuna atakayekupigia kelele. Watu watageuza nyuso tu, na wewe utashangaa kwa nini mazungumzo yanakatika ukikaribia. Mimi niliwahi kupita na kaptura fupi soko la Darajani, na naona aibu mpaka leo nikikumbuka mama muuza viungo alivyoinamisha macho akinipa chenji.

Kinachowafanya wengi wakaidi ni kuamini kwamba kujistiri ni kujitesa kwa joto. Sivyo. Joto la Unguja lina unyevu, na nguo inayobana ndiyo inayochemsha mwili. Dera la pamba, kanzu, shati pana la mikono mirefu, suruali ya kitambaa chepesi: hewa inapita na jua haligusi ngozi. Jinzi ndiyo adui. Ikilowa jioni, asubuhi bado imelowa, na uzito wake mbichi unaujua ukishaibeba.

Mkienda Ramadhani, jueni kwamba migahawa mingi hufungwa mchana na si adabu kula barabarani. Bebeni tende na biskuti za kulia chumbani.

Dhana: Weusi wetu unatosha, losheni ya jua ni ya wazungu

Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, lakini kinga hiyo ina kikomo. Unguja iko takriban nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na boti za kwenda Changuu, kisiwa kidogo karibu na Mji Mkongwe, nyingi ni za wazi au zina kihema kidogo. Jua la juu na lile linalorudishwa na maji vinakupiga pamoja. Nimeona pua na mabega ya rafiki mweusi kuliko mimi yakibabuka siku ya pili. Losheni yenye SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayounguza, na ya 50 asilimia 98, kwa hiyo usihangaike kutafuta namba kubwa sana. Paka ya kutosha, urudie ukitoka majini. Chupa moja ndogo haitoshi kundi.

Kofia nayo iwe na kamba. Bahari huchukua kofia.

Dhana: Dawa ya kichefuchefu nitameza nikianza kujisikia vibaya

Wakati huo umeshachelewa. Tumbo likishachafuka dawa haikai, unaitapika. Nyingi ya dawa hizi humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya boti kuondoka; muulize mfamasia, maana kuna zinazolewesha usingizi. Safari ya boti kutoka Dar ni kama saa mbili, na miezi ya kusi, hasa Juni hadi Septemba, mkondo ule hucheza kwelikweli. Kula kitu chepesi, usipande na njaa. Kaa katikati ya boti, sakafu ya chini, utazame upeo wa bahari badala ya simu. Dawa iwe mfukoni, maana begi likishaingia kwenye rundo la mizigo hulipati mpaka mfike.

Dhana: Simu ina kila kitu

Ina vingi, hasa ikiwa na chaji. Beba pawabenki moja kwa watu wawili. Anayekuja kwa ndege aiweke kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaopimwa. Ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, iko ndani ya kiwango cha 100 ambacho mashirika ya ndege huruhusu kwa kawaida. Plagi za huku ni zile za pini tatu bapa, kama za Kenya. Rafiki anayetoka Kigali au Bujumbura, ambako hutumia pini za duara, aje na adapta.

Ramani ya simu huchanganyikiwa kati ya kuta ndefu za mawe. Andika jina la nyumba mliyofikia na alama ya karibu, msikiti au duka, kwenye karatasi. Halafu uliza watu. Kupotea Mji Mkongwe ni nusu ya raha yenyewe, na kila tulipouliza tulisindikizwa. Fedha taslimu ziwe noti ndogo ndogo: bustani ya Forodhani usiku, kwenye urojo na juisi ya miwa, noti ya shilingi elfu kumi inamhangaisha muuzaji mwenye foleni.

Mengine ya haraka

Wapo wanaosema malaria Zanzibar imekwisha. Imepungua mno, maambukizi yako chini ya asilimia 1, lakini haijaisha, na Dar mnakopitia ipo. Dawa ya kufukuza mbu isiachwe.

Wapo wanaodhani kadi ya homa ya manjano huisha baada ya miaka 10. Tangu Julai 2016 cheti kimoja kinadumu maisha yote, cha zamani pia. Rafiki anayetoka Kenya aje nacho pamoja na pasipoti, na kama hajachanjwa asingoje wiki ya mwisho: cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Kisiwa cha Changuu, kinachoitwa cha magereza, kina jengo la gereza ambalo halikuwahi kufunga wafungwa. Lilikuja kutumika kama karantini ya wagonjwa wa homa ya manjano.

Viatu vipya vya kupigia picha viache nyumbani. Beba raba ulizozizoea, na ndala zenye kushika mguu, kwa sababu boti ya Changuu mara nyingi unaipanda ukiwa ndani ya maji mpaka magotini.

Na nguo zilizolowa usizitie kwenye mfuko wa rambo. Mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na Zanzibar ilitangulia. Beba mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji.

Dhana: Begi likijaa wakati wa kwenda ndiyo umejiandaa

Acha robo ya begi wazi. Darajani utanunua karafuu, mdalasini na hiliki, na harufu yake itakushawishi uongeze. Utanunua na halua, ile inayofungwa kwenye vikapu vidogo vya ukindu. Beba kopo moja tupu lenye mfuniko unaokaza, uitie humo na kikapu chake, maana halua hutoa mafuta njiani na mafuta hayo hayatoki kwenye dera.