Geji Ndogo Juu ya Boriti: Namna Mkazo wa Chuma Unavyopimwa

Kreni ya bandarini Kilindini inapoinua kontena, boriti zake hunyumbuka kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Chuma cha kawaida kikivutwa kwa mkazo (yaani nguvu kwa kila kipimo cha eneo) wa megapaskali 100, kila mita yake hurefuka nusu milimita tu. Badiliko hilo hunaswa kwa geji ya mnyumbuko, yaani utepe mwembamba wa aloi ya shaba na nikeli uliokunjwakunjwa juu ya utando wa plastiki na kubandikwa kwa gundi. Chuma kikivutika, utepe nao hurefuka na ukinzani wake wa umeme huongezeka, kikibanwa, hupungua. Geji yenye ukinzani wa omu 120, kwa mkazo niliotaja, hubadilika kwa omu 0.12 hivi, ndiyo maana huunganishwa katika sakiti ya Wheatstone, ambayo hutambua tofauti ndogo namna hiyo.

Ieleweke kwamba geji haipimi mkazo. Hupima badiliko la urefu, na mhandisi ndiye anayelizidisha kwa ugumu wa chuma, yaani kiasi kinavyokataa kurefuka, takriban gigapaskali 200 (megapaskali 200,000), ili kupata mkazo. Tena haijui mzigo ambao boriti ilikuwa imeshaubeba kabla geji haijabandikwa.

Kazi hii, kwa maoni yangu, huharibikia kwenye usafi. Rangi na kutu huondolewa, chuma hupigwa msasa, kisha hupanguswa kwa asetoni. Niliwahi kumwona fundi hodari akimaliza yote hayo, halafu akapitisha kidole kuhakikisha kwamba pamelainika. Ilimbidi aanze upya, kwa kuwa mafuta ya kidole yanatosha kuizuia gundi isishike.

Jua la Mombasa nalo hudanganya. Chuma hutanuka takriban sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo nyuzi 10 zikiongezeka kufikia adhuhuri, mtanuko huo ukihesabiwa kama mzigo huonekana kuwa mkazo wa megapaskali 24 ambao haupo. Dawa yake ni geji ya pili kwenye kipande cha chuma cha aina ileile, kisichobeba kitu, kilichowekwa papo hapo juani; usomaji wake, ambao ni wa joto tupu, hutolewa kwenye ule wa geji ya kwanza. Unyevu wa chumvi ukipenya, umeme huvuja na namba hutangatanga ingawa kreni imesimama; kwa hiyo geji hufunikwa vizuri mara gundi inapokauka.

Sifuri, yaani namba ya geji kreni ikiwa tupu, husomwa alfajiri na hurudiwa kazi inapokwisha. Namba hizo mbili zikipishana kuliko kawaida, ama geji imeachia, ama chuma kimenyumbuka kisirudi, na boriti hukaguliwa kabla ya kontena jingine kuinuliwa.