Upeo wa macho: mstari unaobeba mandhari ya katuni

Wengi tunaoanza kuchora katuni au manga (katuni za Kijapani) huanza na uso, nywele na macho. Mandhari huachwa mwisho, na hapo ndipo mhusika aliyechorwa vizuri anapoonekana anaelea, kiti kimeinama kivyake na meza kivyake. Mara nyingi kosa si la mkono. Ni kwamba upeo wa macho haukuwekwa.

Upeo wa macho ni mstari wa mlalo unaoonyesha kimo cha macho ya anayelitazama tukio. Ukiwa ufukweni, ni pale bahari inapoonekana kukutana na mbingu. Ukichuchumaa unashuka nawe, ukipanda ghorofani unapanda nawe. Ndani ya chumba kuta zinauficha, lakini upo.

Shika kikombe mkononi ukakiinue mpaka usawa wa macho: mdomo wake wa duara unakuwa mstari mnyoofu. Kishushe polepole, na mdomo unafunguka kama yai, unazidi kunenepa kadiri kinavyoshuka. Kipandishe juu ya macho, sasa unaona kitako. Hiyo ndiyo kanuni nzima: kilicho chini ya upeo tunakiona kwa juu, kilicho juu yake tunakiona kwa chini.

Kwenye mstari huohuo hukaa nukta ya kutokomea, pale reli mbili zinazokwenda mbali kwenye ardhi tambarare zinapoonekana kukutana. Ukitazama ukuta uso kwa uso, nukta moja inatosha. Ukitazama kona ya jengo, utahitaji mbili. Kanuni hizi ni kongwe kuliko katuni: msanifu majengo Filippo Brunelleschi alizionyesha mjini Florence, Italia, mwanzoni mwa karne ya 15, na mwandishi Leon Battista Alberti akazieleza kwa maandishi mwaka 1435.

Lakini faida kubwa kwa mchora katuni iko kwenye watu, na natamani ningeambiwa mapema, maana nilikisia vimo kwa muda mrefu. Chora barabara tambarare yenye watu wa kimo kimoja. Kama upeo unamkata wa kwanza kiunoni, utawakata wote kiunoni, awe karibu au mbali. Kama anayetazama amesimama na ana kimo chao, macho yao yote yatakaa mstarini. Miguu tu ndiyo itapanda kadiri mtu anavyokuwa mbali.

Mstari huu pia hubeba hisia. Uushushe hadi magotini, na mhusika anakuwa mkubwa, wa kutisha. Uupandishe juu kabisa ya fremu, na mtu yuleyule anabaki mdogo na mpweke katikati ya uwanja.

Katika studio nyingi za manga huko Japani, mchoraji mkuu huchora wahusika na wasaidizi huchora mandhari. Kazi ya mikono tofauti hukaa pamoja kwenye fremu moja pale wote wanapofuata upeo mmoja.

Hata ukinakili mandhari kutoka kwenye picha iliyopigwa, usimbandike mhusika popote. Refusha kwa rula kingo mbili za barabara tambarare iliyonyooka mpaka zikutane, kisha pitisha mstari wa mlalo hapo. Nukta ikiangukia nje ya karatasi, gundisha karatasi nyingine pembeni uendelee. Ukishaupata mstari, ndipo umsimamishe mhusika wako.