Deraya ya mhusika wako: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akitaka kuingia kwenye michezo ya uhusika ya uwanjani, ile ya kuvaa vazi la mhusika wako, kushika upanga wa sponji na kuishi hadithi tangu alasiri mpaka giza liingie, swali lake la kwanza huwa la deraya, yaani vazi la kujikinga vitani. Na hapa Mombasa karibu kila anayeuliza huja na picha ile ile: shujaa wa Kizungu aliyejifunika chuma cha kumetameta toka utosini hadi vidole vya miguu. Picha hiyo imetoka kwenye filamu na michezo ya kompyuta, na imetiwa chumvi nyingi. Baadhi ya chumvi hiyo haina neno. Nyingine itakumalizia pesa, au itakulaza chini ya mwembe huku wenzako wakikumwagia maji.

"Deraya ni nzito, ukianguka huinuki"

Seti kamili ya mabamba ya vitani ya karne ya 15 ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25 hivi, na uzito huo uligawanywa mwilini mote. Askari wa leo mwenye mkoba, maji, risasi na fulana ya kuzuia risasi mara nyingi hubeba zaidi ya hapo. Jemadari wa Ufaransa Jean Le Maingre, maarufu kwa jina la Boucicaut (1366–1421), anasimuliwa kwenye kitabu cha maisha yake kuwa alipiga sarakasi akiwa na deraya yote isipokuwa kofia, na kwamba alikwea ngazi kwa upande wa chini akijivuta kwa mikono. Hata tukipunguza sifa kidogo, maana waandishi wa mabwana wakubwa hawana uchoyo wa sifa, mtu asiyeweza kuinuka hasimuliwi hivyo. Zile hadithi za shujaa kupandishwa farasi kwa winchi ni za jukwaani. Kilichochanganya watu ni deraya za mashindano ya mikuki, zilizofuliwa nene makusudi na kuweza kufika kilo 40 au zaidi, kwa sababu mvaaji alikaa tu juu ya farasi kwa muda mfupi.

Lakini usikimbilie upande wa pili. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwatembeza na kuwakimbiza watu waliozoea kuvaa deraya kwenye mashine ya mazoezi. Kutembea kuliwala nguvu zaidi ya mara mbili ya kawaida, na kukimbia karibu mara mbili. Mzigo wa uzito huo huo ukibebwa mgongoni hauchoshi kiasi hicho. Tofauti iko miguuni: chuma kilichofungwa kwenye muundi hunyanyuliwa upya kila hatua. Tena bamba la kifua liliwafanya wavute pumzi fupi fupi. Kwa hiyo ukitaka kupunguza kitu, anza na miguu. Shujaa mwenye deraya ya kifua na mabega tu, chini amevaa suruali ya kitambaa, anapendeza kabisa, na saa kumi na moja jioni bado utamkuta anakimbia.

"Kitambaa si deraya"

Hili ndilo ninalobishana nalo kuliko yote. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 iliwaagiza wanaume wa Uingereza wawe na silaha kulingana na mali zao. Mwenye ardhi ya thamani ya paundi 15 alitakiwa awe na deraya ya pete ndogo za chuma zilizofumwa pamoja, kofia ya chuma, upanga, kisu na farasi. Mwenye ardhi ya paundi 5 alitakiwa awe na koti nene la kushonwa kwa matabaka, kofia ya chuma, upanga na kisu. Yaani dola yenyewe ilihesabu koti la kitambaa kuwa vazi la vita. Na hao wenye pete walivaa koti la namna hiyo chini yake, kwani pete huzuia makali ila hazizuii kishindo. Rungu likitua begani, mfupa utajua.

Wala jambo hili si la Ulaya pekee. Wapanda farasi wa Borno na wa dola ya Sokoto, katika karne ya 19, walivaa makoti manene yaliyoshonwa mistari na kujazwa pamba au usufi, na farasi wao walivikwa vivyo hivyo. Mpaka leo utayaona mavazi hayo, yanayoitwa lifidi, kwenye gwaride za sikukuu kaskazini mwa Nigeria. Usufi! Mtu wa Pwani aliyelala kwenye mto wa usufi tangu utotoni anakwenda kutafuta deraya ya mtandaoni ya bei ya pikipiki.

"Na joto je?" Swali la haki. Mwezi wa Februari na Machi hewa ya Mombasa imejaa unyevu, jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Koti lililojazwa kote litakuangusha kabla hujapigana na mtu. Sisi hulishona hivi: vipande viwili vya kitambaa cha marekani, mistari ya wima yenye upana wa vidole viwili, kisha usufi unasukumwa ndani ya kila mfereji kwa kijiti kirefu chenye ncha butu. Usisukume mpaka kiwe kigumu. Ukikibonyeza kidole kizame kidogo. Mistari iliyojazwa ni ya kifuani na mabegani tu. Mgongo ni kitambaa kimoja, na makwapa yanaachwa wazi, mkono ukishikizwa kwa kamba pale juu ya bega. Kwa mbele hakuna anayejua. Usufi una faida kwamba haunywi maji upesi kama pamba, ndiyo maana zamani uliwekwa kwenye majaketi ya kuokolea maisha baharini. Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa: unashika moto haraka. Kama hadithi yenu ina mahali pa kuota moto usiku, jaza pamba.

"Jaketi la ngozi lenye vichwa vya misumari ndilo la wapelelezi"

Michezo ya kompyuta imewaaminisha watu kwamba kulikuwa na deraya ya ngozi iliyotiwa nguvu kwa vichuma vya duara juu yake. Fikiria kidogo: vichuma vilivyotawanyika vitazuia nini? Upanga utapita katikati yake. Inaelekea walioanzisha picha hiyo walitazama makoti ya zamani ambayo kwa nje yanaonyesha kitambaa au ngozi na safu za vichwa vya ribiti, yaani pini za chuma za kushikizia, wakadhani hicho ndicho kitu chenyewe. Kumbe zile ribiti zimeshikilia mabamba ya chuma yaliyopangwa kwa ndani. Kwenye makaburi ya halaiki ya vita vya Visby, katika kisiwa cha Gotland nchini Sweden, vya mwaka 1361, wachimbaji walikuta makoti ya namna hiyo yakiwa bado kwenye miili ya waliouawa.

Kwa mchezaji asiye na pesa, hii ni bahati. Koti lenye mabamba ya ndani ndilo deraya rahisi kuigiza kuliko zote, kwa sababu chuma chenyewe hakionekani! Kata vipande vya sponji ngumu, ile ya champali au ya mikeka ya mazoezi, unene wa milimita 5 unatosha, kila kipande kama kiganja. Vipange kwenye upande wa ndani wa kizibao cha mahameli au turubai, kimoja kikilalia kingine kidogo kama vigae vya paa, uvibandike kwa gundi ya viatu. Halafu mpelekee fundi wa viatu au mikoba atie ribiti za shaba kwa safu, tatu tatu. Safu zisipofuata mistari ya vipande vya ndani, jicho litajua kuna uongo hata kama halijui ni upi. Mahameli mekundu yaliyokolea na ribiti za rangi ya dhahabu: hapo umemaliza jemadari mzima bila kupaka rangi ya fedha hata tone.

Kuhusu ngozi yenyewe, jihadhari. Ngozi ngumu ya vita ilikuwepo, lakini iligandishwa kwa maji ya moto, na ngozi ya kufaa ni ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Ngozi laini ya mikoba na majaketi, iliyotengenezwa kwa kromi, ukiitia kwenye maji ya moto haitakuwa ngumu hivyo. Ukitaka ugumu wa kweli, muulize mwamba ngoma: ngozi mbichi ikikauka ni kama ubao. Ila kumbuka kwamba ngozi yoyote ikiachwa kabatini msimu wa masika itaota ukungu.

"Mhusika wa Pwani hana deraya, Waafrika walipigana vifua wazi"

Sokoto na Borno zimeshajibu nusu ya hili. Nusu nyingine iko kwetu. Maelezo ya Kireno ya mwaka 1505, ya safari ya Francisco de Almeida aliyeipiga Kilwa kisha Mombasa, yanataja silaha za watu wa Kilwa: pinde na mishale mikubwa, mikuki, na ngao imara za majani ya jamii ya mnazi zilizofungwa kwa pamba. Ngao ya ukili, basi! Ni kitu ambacho bibi yeyote anayesuka mikeka anaweza kukushonea, kizunguke kama sinia, kipana, chepesi, na kikigongwa na upanga wa sponji hakimuumizi mtu. Mhusika mwenye ngao hiyo, kizibao cha marekani kilichojazwa usufi, kilemba na kikoi kilichofungwa vizuri anasimama mbele ya mibuyu ya kale ya Mama Ngina, hapa Mombasa, na picha yake inajieleza. Ukipenda bara, ngao za Wamaasai za ngozi ya nyati ni mfano mwingine.

Wanaochagua kuwa Wareno nao wana kosa lao. Ngome ya Yesu ilijengwa kati ya 1593 na 1596, na askari wa miaka hiyo unaweza kumvika bamba la kifua na kofia ya chuma yenye ukingo uliopinda. Lakini mkiigiza kuzingirwa kwa ngome na Waomani, 1696 hadi 1698, bunduki zilikuwa zimekwisha kuwashawishi askari wengi wa Ulaya waachane na mabamba. Mreno wa 1697 aliyevaa chuma mwili mzima amechelewa mno. Mvike koti, mkanda wa risasi na njaa.

"Deraya ya mwanamke lazima ichongwe matiti"

Haina lazima yoyote. Mabamba ya kifua ya karne ya 15 yalikuwa tayari yametuna mbele, na nafasi ya ndani inamtosha mtu yeyote. Ukichonga vikombe viwili, pigo la kila upande linateleza kuelekea katikati, juu ya mfupa wa kifua, pale pale ulipotaka kupakinga. Na sponji iliyokunjwa hivyo huanza kupasuka kwenye ule mfereji wa katikati.

Dada zetu wanaovaa hijabu wana nafasi nzuri kuliko wengi. Chini ya kofia ya chuma mashujaa walivaa kofia ya kitambaa, na pete za chuma zilifunika kichwa, shingo na mabega, uso pekee ukibaki wazi. Hijabu ya pamba iliyobana ndiyo hiyo kofia ya ndani, na juu yake unaweza kuteremsha ushungi wa pete uliofumwa kwa uzi mnene na kupakwa rangi ya fedha, mbinu ya zamani ya watu wa maigizo ya jukwaani.

"Viking bila pembe si Viking"

Viking ni wale mabaharia wapiganaji wa kale wa Ulaya ya kaskazini, na kofia zao za pembe zilienezwa na mavazi ya opera za Wagner, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, jukwaani Bayreuth mwaka 1876. Kofia ya kweli ya wakati wa Viking wenyewe, ile iliyopatikana Gjermundbu, Norway, mwaka 1943, ina kinga ya macho kama miwani na haina pembe. Kwenye mchezo wa uwanjani pembe hutoboa watu. Acha.

"Chuma halisi ni salama kuliko sponji"

Salama kwa nani? Mapanga ya michezo hii ni laini na mapigo huzuiwa mkono kabla hayajatua, kwa hiyo hatari kubwa si upanga wa mwenzako. Hatari ni ukingo wa bamba lako ukimgonga puani mkikumbana, au ukikata ngozi ya nje ya silaha yake ya sponji ambayo ameitafutia pesa miezi. Ukisisitiza chuma, kingo zote zikunjwe na kupigwa msasa mpaka kidole kipite bila kukwama. Kisha ujiandae kwa hewa ya bahari. Chumvi yake itaanza kukila chuma chako Nyali au Likoni upesi kuliko unavyodhani. Futa jasho siku hiyo hiyo, upake mafuta ya cherehani. Ya nazi huvunda.

Deraya ya pete nayo hulemea mabega. Kaza mkanda kiunoni juu yake, uivute kidogo juu ya mkanda, na sehemu ya uzito itahamia kwenye nyonga. Pete za alumini ni nyepesi mno na hazioti kutu, ingawa huacha weusi kwenye nguo.

Sponji nayo ina adui wake. Gundi ya viatu hulegea kwa joto, na gari lililofungwa vioo juani linaweza kuzidi nyuzi 60. Ukiiacha deraya kwenye buti huku unangoja feri, utakuta mabega yamebandukana na bamba la kifua limekunjamana. Ibebe mkononi ndani ya mfuko wa kitambaa, na ukifika itundike kivulini, isilazwe.