Mnanaa wa Mojito Hautwangwi
Wengi huamini kwamba kadiri unavyoutwanga mnanaa ndivyo mojito, kinywaji baridi cha ramu (aina ya pombe), ndimu na mnanaa, inavyonukia. Sivyo. Mafuta yenye harufu yamo kwenye vifuko vidogo mno juu ya uso wa jani, na kulibonyeza kidogo tu kunatosha kuvipasua. Ukilisaga, unatoa maji ya kijani yenye uchungu, tena vipande vinaziba mrija.

Kwenye bilauri weka majani, vijiko 2 vya chai vya sukari na mililita 20 za maji ya ndimu. Bonyeza taratibu kwa mgongo wa kijiko, kisha mimina mililita 45 za ramu nyeupe, barafu na maji ya soda. Ndimu ikamuliwe papo hapo. Ya chupa, kwangu, haifai kabisa.