Mawese ni ya mmea, lakini si mwagia tu

Kigoma, mtu akishasimuliwa habari za Michael Greger, daktari wa Marekani anayeandika vitabu vya kuhimiza ulaji wa mimea ili kukinga maradhi ya moyo na kisukari, hukimbilia hitimisho moja: basi chochote kitokacho shambani ni salama, mawese mwagia tu. Sivyo. Anachohimiza Greger ni mmea ukiwa mzima: maharage, mboga za majani, matunda, karanga, nafaka isiyokobolewa. Mafuta yaliyokamuliwa, hata ya mimea, hayapigii debe.

Karibu nusu ya mawese ni mafuta yaliyoshiba, yaani yale yanayoganda kwenye baridi na kupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya mwilini. Ya alizeti ni takriban asilimia 10 tu. Kweli, mawese mekundu yana karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A, na sombe, yaani kisamvu, bila mawese, tusidanganyane, hainogi. Punguza vijiko, sombe endelea nayo. Kwa hesabu ile ya shambani, hata soda na maandazi vingekuwa dawa!

Halafu kuna vitamini B12, ambayo mimea haina ya kutegemewa. Greger mwenyewe huwataka wasiokula nyama, samaki wala maziwa wameze vidonge vya B12. Mla dagaa wa Ziwa Tanganyika anaipata humo humo.